Mbio za Barafu Nyumbani kwa Mjomba

Nilianza kufuatilia mbio za barafu kwa sababu ya samaki. Nilikuwa Kyela wakati huo, kazi yangu ni kuponda mapande ya barafu na kuyapanga kwenye maboksi ya samaki wanaopelekwa Mbeya, na haikupita siku bila mimi kuteleza kwenye sakafu ile. Siku moja, nikiwa nimekaa chini kwa mara ya tatu, nilijiuliza kama kuna mtu duniani anayeweza kusimama vizuri juu ya kitu kile. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini maswali sikuwahi kuyaacha, na simu haimwombi mtu cheti. Nikaandika swali langu. Wakaja watu watano waliovaa kofia ngumu na nguo za kubana, visu virefu vimefungwa chini ya viatu, wameinama kama wanaotafuta sindano, wanazunguka ukumbini kwa kasi iliyonifanya nisahau kuwa suruali yangu imelowa.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Uwanja ni wa barafu, wa umbo la yai, na ni mdogo kiasi kwamba mkimbiaji anamaliza mzunguko mmoja kabla wewe hujafika nusu ya Baba Yetu. Hawashindani na saa. Wanashindana wao kwa wao, wanne au watano kwa pamoja, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Kwenye kona wanalala upande mpaka vidole vya mkono wa kushoto vinagusa barafu. Anayetaka kupita lazima atafute nafasi, na nafasi yenyewe haipo, kwa hiyo kila mara kuna mmoja anayeanguka na kuwazoa wenzake wawili hadi kwenye magodoro yaliyopangwa ukutani. Kisha mwamuzi anakwenda kutazama picha upya, na ukumbi mzima unasubiri aseme nani amemkosea nani.

Kilichonishika zaidi ni kwamba watu hao hawakai. Msimu unaanza mwezi wa kumi na kuisha mwezi wa tatu, na katikati yake wanahama kutoka mji hadi mji, Amerika, Asia, Ulaya, na mabegi yao ya visu. Mimi tangu nitoke kwa mama sikuwahi kukaa mahali pamoja miezi mitano. Nimeuza miwa Chunya, nimepakia parachichi, nimechimba mashimo ya nguzo za umeme. Niliwaona wale watu kama wenzangu, tofauti ni kwamba wao walijua wanakokwenda.

Msimu ninaousimulia ulikuwa ndiyo kwanza umeanza mama aliponipigia. Kaka yake, mjomba wangu wa Kawetele, alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, mkono hauna nguvu, mguu anauburuta.

“Wewe huna kazi inayokushika,” mama akasema. “Nenda ukamsaidie mjomba wako.”

“Si kuna mkwewe pale?”

“Ndiyo maana nakwambia nenda.”

Nilimwelewa. Huku kwetu kuna heshima ya zamani kati ya mke na baba mkwe wake. Hawaonani. Hawakai chini ya paa moja, hawasemezani, na wakikutana njiani mke anaingia kwenye majani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Watu wa mjini wameiacha, na hata vijijini wengi wanaifanya nusunusu, lakini nyumbani kwa mjomba ilikuwa bado nzima. Shemeji yangu, mke wa binamu yangu, alikuwa ameishi miaka sita katika mji ule wa mjomba. Binamu alikuwa Geita kwenye machimbo na alirudi Krismasi tu. Mke wa mjomba ndiye aliyekuwa akipeleka chakula kutoka jikoni kwa shemeji hadi nyumba ndogo ya mzee. Alipofariki, mzee akawa anakuja kuchukua mwenyewe: shemeji anaweka sinia juu ya kigoda barazani, anakohoa, anaingia ndani na kufunga mlango, na mjomba anavuka ua. Sasa mguu wa kuvukia ua ulikuwa umekufa.

Basi nikawa mimi ndiye njia. Nililala chumba cha pili katika nyumba ndogo. Asubuhi nilichukua uji, mchana ndizi za kupika na maharage, jioni maziwa ya mgando na chochote kilichokuwepo. Nilimwogesha, nilimpeleka chooni nyuma ya migomba, nilimnyoosha vidole vya mkono wa kulia kama nilivyoelekezwa hospitalini. Na nilibeba maneno, shemeji akimwita mzee baba, mzee akimwita shemeji mama.

“Mwambie baba chumvi imeisha, leo atavumilia.”

“Mwambie mama hata jana nilivumilia.”

Mjomba alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai maisha yake yote, kwenye chumba cha kunyaushia majani, na hakuzoea kukaa bure. Wiki ya kwanza alitazama ukuta. Wiki ya pili nilimtoa barazani, nikamkalisha kwenye kiti chenye mito, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi ya mashindano ya Asia, nikategesha simu juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuanza kuangalia mambo yangu.

“Hiyo nyeupe ni nini?” akauliza.

“Barafu, mjomba.”

“Ya mvua ya mawe?”

“Wanaitengeneza kwa makusudi.”

Mtu wa chai anaijua barafu kama adui. Ikinyesha mvua ya mawe dakika chache, shamba zima la majani machanga linakuwa matambara. Kwamba kuna watu wanaoitengeneza, wakaijengea nyumba na kuichezea, lilimchukua muda kulimeza. Lakini wale wanne kwenye skrini walipoingia kona ya mwisho na mmoja akapenya katikati ya wenzake kama paka anayepita kwenye uzio, mjomba aliinua mkono wake mzima.

“Kyala,” akasema, akimtaja Mungu kwa Kinyakyusa. “Hebu rudisha.”

Tangu siku hiyo tulikuwa wafuatiliaji wawili. Mashindano ya Asia tuliyaona asubuhi, ya Ulaya alasiri, na yale ya Amerika tuliyaangalia kesho yake, tukijizuia kusoma matokeo. Mjomba alijichagulia mkimbiaji mmoja wa Ulaya aliyepita miaka thelathini na kidogo, ambaye kwenye mchezo ule ni mzee. Alikuwa na tabia ya kukaa nyuma kabisa kwa mizunguko mingi, mgongo umeinama, hana haraka na mtu, halafu ikibaki mizunguko mitatu anaanza kupanda. Wakati mwingine alifika. Mara nyingi alichelewa kuondoka.

“Anawahesabu,” mjomba alisema. “Mwache awahesabu.”

Jambo ambalo sikulitegemea ni shemeji. Jiko lake lilitazamana na baraza la nyumba ndogo, katikati pana hatua kama kumi na tano na uzio mfupi wa mabanzi, na akikaa ndani ya mlango hakuonekana. Siku moja nilipokwenda kuchukua sinia aliniuliza, bila kuacha kumenya ndizi, “Yule wa jana aliyeanguka, aliumia?”

“Yupi?”

“Uliyesema amevaa nyekundu. Nilikusikia.”

Kumbe nilikuwa na tabia ya kutangaza kwa sauti, na yeye alikuwa anafuata. Nikaanza kutangaza vizuri zaidi, na ikifika fainali nilimpelekea simu jikoni baadaye ili aone kwa macho. Naye akapata wake: dada mmoja mfupi wa Asia, mwenye mapaja manene, ambaye alianguka karibu kila wiki na kila akianguka aliinuka na kumaliza mbio peke yake, hata kama ukumbi umeshaacha kumtazama.

Ugomvi ulianza hapo. Mwamuzi anapotazama picha upya kuna dakika mbili tatu za kusubiri, na mjomba alizitumia kutoa hukumu yake kabla ya ile ya kizungu. Alihukumu kwa sheria anazozijua. Njia ni ya aliyekwishaingia. Anayekuja baadaye ndiye wa kuangalia pa kuweka mguu. Nilishangaa jinsi alivyopatia. Wiki za mwanzo mimi niliyesoma kanuni nilikosea kuliko yeye.

“Mwambie baba yule wa kijani hakumsukuma mtu,” sauti ikatoka jikoni. “Mwenzake ndiye aliyepanua kiwiko.”

“Amesikia,” nikasema.

“Hajasikia. Mwambie.”

Nikageuka. “Mjomba, shemeji anasema...”

“Nimesikia. Mwambie mama kwamba huyo wa kijani alimkuta mwenzake mlangoni akataka waingie wote wawili. Nyumba ya nani ina mlango wa namna hiyo?”

“Shemeji...”

“Mwambie baba kiwiko hakina mlango.”

Nikawa nimekaa katikati, nageuza shingo kushoto na kulia, na maneno yananipita juu ya kichwa bila kunihitaji. Lakini kila sentensi ilianza na “mwambie”. Hilo halikuachwa.

Siku iliyonitisha ilikuwa ya mbio za kupokezana za mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili katika timu moja. Katika mbio hizo hawapeani kijiti. Anayemaliza zamu yake anamfikia mwenzake kwa nyuma, anamwekea mikono miwili kiunoni, au chini kidogo ya kiuno, na kumsukuma kwa nguvu zake zote. Nilisahau kumwandaa mjomba. Akamwona mwanamume mzima akimsukuma dada wa watu mbele ya ukumbi uliojaa.

“Zima,” akasema.

“Mjomba, ndivyo mchezo ulivyo.”

“Yule ni mkewe?”

“Hapana.”

“Dada yake?”

“Wanatoka nchi moja tu.”

“Nchi moja. Mimi na mke wa mtendaji tunatoka kata moja, nikamsukume?”

Jikoni kikatoka kicheko. Hakikuwa kikohozi wala mguno. Kilikuwa kicheko cha tumboni, cha mtu aliyeshikwa bila kujiandaa, na mara kikakatika, sufuria likaanguka. Mjomba akatazama mikono yake. Kucheka kwa kusikika na baba mkwe, kwa mambo kama yale, halikuwa jambo dogo katika ule mji. Siku mbili shemeji hakuuliza chochote kuhusu mbio. Aliniachia sinia mlangoni na kurudi ndani kabla sijafika, kana kwamba na mimi nimekuwa mkwe.

Siku ya tatu mjomba, akiwa na kijiko mkononi, alisema kwa sauti iliyopita uzio, “Mwipwa, mwambie mama kicheko si kosa.”

Sikupata hata nafasi ya kufikisha. “Ndaga, baba,” asante ikajibiwa kutoka jikoni, chini sana, na kisha, kama mtu aliyekumbuka, “Mwambie nasema ndaga.”

Mwezi wa kumi na moja shemeji aliniuliza mashindano yanaisha lini. Nikamjibu mwezi wa tatu. Krismasi aliuliza kama ni mwanzoni au katikati. Mwezi wa kwanza aliuliza tena, na safari hii aliweka kisu chini.

“Na wakimaliza wanakwenda wapi?”

“Wanarudi makwao kupumzika.”

“Na wewe?”

Nilikuwa nimewaambia wote, tangu nilipofika, kuwa nitakaa mpaka msimu uishe. Nilisema kama utani, lakini nilimaanisha. Bila kitu cha kunifunga nisingefika hata Krismasi. Sasa niliona kwamba yeye hakuwa akiuliza habari za barafu. Alikuwa akiuliza siku ambayo mzee atabaki upande huu wa ua, na yeye na sinia yake upande ule.

Binamu alipokuja Krismasi alikuwa amelicheka jambo lote la kutoonana. “Mambo ya kizamani hayo,” alimwambia mkewe mbele yangu. “Ingia tu, mpe chakula, utoke.”

“Na mama zako wadogo watasema nini?”

“Waseme.”

“Wewe utakuwa Geita,” shemeji akasema. “Halafu si wao. Yeye mwenyewe hajasema. Nitaingiaje chumbani kwa mtu ambaye hajasema?”

Nilimpelekea mjomba swali hilo kwa kuzungukazunguka, siku nikimnyoa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza shavu moja.

“Mama yake huyo binamu yako alimwogopa baba yangu mpaka tunamzika,” akasema. “Hata mguu wa jeneza hakuutazama. Mimi nikimwambia mke wa mwanangu njoo tu, uniogeshe, uniinue, nimemfanya nini? Nimemvua nguo. Nyoa upande wa pili.”

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake. Binamu akarudi Geita baada ya wiki moja.

Mwezi wa tatu ulipofika na mvua zake, dereva mmoja wa Fuso wa Kiwira, anayepeleka ndizi Songea, aliniambia anatafuta utingo. Ijumaa ya mashindano ya dunia, ya mwisho wa msimu, nilikwenda Kiwira kuzungumza naye. Ukweli wote ni kwamba pia mtandao Kawetele ulikuwa umezama kwenye mawingu, na mchujo ulikuwa unaanza saa sita mchana. Nilimwekea mjomba chakula karibu, nikampeleka chooni, nikamwambia nitarudi saa nane.

Dereva tulimalizana naye haraka: Jumanne alfajiri. Kisha nikakaa kwenye baraza la duka moja nikaangalia. Mzee wetu wa Ulaya alipita raundi ya kwanza. Mvua ikashuka, ile ya Rungwe isiyo na haraka ya kuacha. Nikajiambia nisubiri ipungue, na wakati naisubiri akapita raundi ya pili. Nikajiambia nimwone na yule dada mfupi. Nilipotazama saa ilikuwa imekaribia kumi.

Nilipoingia uani nilimwona kwanza shemeji. Alikuwa amesimama nje ya jiko lake, amebana mgongo ukutani chini ya upenu usiomtosha, uso ameuelekeza migombani, mtoto wake wa miaka miwili mgongoni chini ya kanga mbili. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka begani hadi kwenye kiwiko.

“Umesimamaje hapa?” nikamuuliza.

“Baba yuko ndani.”

Nikachungulia. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, amefunikwa blanketi la shemeji na koti la binamu, tope limemkauka upande mmoja wa uso. Naye alikuwa ameugeuzia mlango mgongo.

Habari niliipata kwa vipande, kutoka pande mbili. Nilipochelewa, mjomba alijaribu kwenda chooni peke yake kwa kushikilia migomba. Mguu mbovu ukateleza, akalala upande kwenye tope, mvua ikaanza. Shemeji alisikia kishindo. Aliita majirani, lakini nusu ya kijiji ilikuwa imekwenda msibani Suma, na nyumba zilizobaki mvua ilizifunika. Aliita jina langu pia. Kisha akafunika kanga kichwani mpaka ikafika mdomoni, akaona ardhi ya mbele ya miguu yake tu, na akasema maneno ya kwanza aliyomwambia mzee yule ana kwa ana kwa miaka sita.

“Baba, nakuja.”

“Rudi,” mjomba akamwambia kutoka tope.

“Sirudi.”

“Mwipwa atakuja.”

“Mwipwa yuko kwenye barafu. Niambie uko wapi, sioni.”

Mjomba alimwelekeza. Kushoto, mbele, angalia mfereji. Shemeji alimshika chini ya kwapa na kumwinua, mtoto mgongoni, na kwa kuwa nyumba ndogo haikuwa na moto alimpeleka jikoni, akamkalisha, akamrushia blanketi na kutoka. Jiko lilikuwa na paa moja tu. Akasimama nje. Hakuna kati yao aliyejua alisimama muda gani. Moto alioukoka ulikuwa umeshakuwa makaa.

Jioni ile nilimwogesha mjomba kwa maji moto. Hakuwa ameumia zaidi ya michubuko. Nilimwomba radhi. Alikuwa anawaza lake.

“Amesimama mvuani na mtoto,” alisema mwishowe, “kwa sababu mimi nimekaa kwenye moto wake. Hilo limenishinda.”

Asubuhi alinituma Tukuyu sokoni kununua kitenge. Kizuri, alisema, kisichochuja, na nimwachie muuzaji achague kwa kuwa mimi sina macho ya nguo. Akamwita mdogo wake kutoka ng'ambo ya mto na mzee wa kanisa wa jirani. Nasikia ziko nyumba ambako baba mkwe hutoa mnyama na kusema maneno mbele ya watu, na woga ule ukafunguliwa. Mdogo wake alikuja akiwa na habari hiyohiyo.

“Kaka, baba yetu angetoa ng'ombe.”

“Baba yetu hakuangukia chooni.”

“Na kitenge peke yake?”

“Kuna na jogoo. Yule mwekundu.”

“Yule anayepiga watu?”

“Huyohuyo. Ndiye mkubwa.”

Mzee wa kanisa akasema jogoo anatosha. Jumapili, baada ya ibada, mjomba alikalishwa uani na wale wawili wakasimama kando. Shemeji alitoka jikoni na kanga usoni. Mjomba akasema kwa Kinyakyusa, maneno machache, kwamba amemkuta ni mtoto wake, na kwamba kuanzia leo aingie na kutoka. Akamnyooshea kitenge kwa mkono wake wa kushoto. Shemeji akapiga magoti akapokea. Kanga aliishusha hadi mabegani, lakini macho aliyaacha chini.

Fainali zilianza alasiri ileile. Nilitegesha simu juu ya ndoo kama kawaida, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na vigoda viwili pembeni ya kiti cha mjomba. Shemeji alikuja na sinia mikononi mwake. Alifika barazani akasimama, hakujua aiweke wapi. Wale watu wawili waliogombana msimu mzima juu ya viwiko vya Wazungu walikuwa hawana neno hata moja.

“Wanajipanga,” mjomba akasema mwisho, akiitazama simu. “Kaa, mama, utawakosa.”

Akakaa. Mzee wetu alikuwa nyuma kabisa, kama kawaida yake. Ilipobaki mizunguko mitatu alianza kupanda, akampita mmoja, akampita wa pili, na kwenye kona ya mwisho akaingia upande wa ndani wa mtu wa kwanza, wakagusana, wote wawili wakaenda magodoroni. Mwamuzi akaenda kwenye picha.

“Amekosea,” mjomba akasema taratibu.

“Ni mtu wako huyo,” nikamwambia.

“Ni wangu na amekosea. Alimkuta mwenzake mlangoni.”

“Lakini mwenzake naye alifunga,” shemeji akasema. Alisema akimtazama mtoto wake, lakini hakuniambia mimi nimwambie. Mjomba akageuka nusu.

“Alifunga wapi?”

“Kabla ya kona. Rudisha, shemeji. Hapo. Bega lile, baba, uliangalie.”

Mwamuzi alimwadhibu mzee wetu. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Yule dada mfupi, mbio zake zilipofika, hakuanguka, na akawa wa nne, na shemeji alifurahi kuliko mtu aliyeshinda.

Jumatatu nilifunga begi langu, halafu nikakaa na shemeji kwenye kizingiti cha nyumba ndogo kumkabidhi mjomba. Sikujua kama najua mengi hivyo. Nilimwambia amshike kwapa la kushoto, si la kulia, maana la kulia linamuuma na hasemi. Nikamwambia aweke kijiko mkono wa kushoto lakini kikombe mkono wa kulia, ili ule mkono usilale. Nikamwambia kwamba ngozi za maharage huzitoa na kuzificha chini ya sinia.

“Hilo nalijua,” akasema. “Nani anaosha sinia?”

Nikamwambia akikohoa kikavu anataka maji.

“Kikohozi kikavu ni baridi,” akasema. “Anataka dirisha lifungwe. Maji huyaomba. Nimemsikia miaka sita.”

Nikatafuta jambo ambalo yeye halijui.

“Halafu akianza kuongea alfajiri,” shemeji akaendelea, “usiingie. Yaani mimi nisiingie. Anazungumza na marehemu mama, mkewe, anampa habari za jana. Mpaka anyamaze ndipo upeleke uji.”

Nilikuwa nimelala chumba cha pili miezi mitano, ukuta mmoja kati yangu na sauti ile, nikidhani anasali.

Jumanne alfajiri nilipotoka na begi mjomba alikuwa ameshaanza. Nilisimama kidogo mlangoni, nikasikia anamweleza mtu kuhusu bega, na kona, na kwamba mkwe wao ni mbishi. Upande wa pili wa ua shemeji alikuwa ameketi na uji umefunikwa, anasubiri amalize.